Kilichopungua na Kilichobaki

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Unguja, ardhi ikitetemeka ni sunna mtu kuswali, lakini aswali peke yake, nyumbani kwake. Jua likipatwa tunakusanyika msikitini nyuma ya imamu, na mwezi vivyo hivyo. Ardhi ikitikisika, kila mtu na mswala wake. Nimesomesha fizikia miaka mingi katika skuli za sekondari za hapa kisiwani, na fiqhi niliyonayo ni ya chuoni tu pamoja na darsa za baina ya Magharibi na Isha, lakini hukumu hii ndogo imenishughulisha kuliko masuala mengi makubwa. Kwa nini jambo moja tuliombee pamoja, na jingine kila mtu kivyake?

Iliyonishughulisha ni Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020. Nilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba yetu Malindi, nyuma ya bandari, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa zaidi ya dhiraa moja. Saa mbili na dakika kumi na tatu usiku taa ya kuning'inia ilianza kwenda na kurudi, polepole, na upepo hakuna. Komeo la mlango likagonga. Halafu boriti za dari zikalia, ule mlio mkavu ambao watu wa Mji Mkongwe wanaujua, wanausikia mara moja moja joto la mchana linapopoa, ila safari hii ulitoka katika boriti zote kwa pamoja. Sekunde chache tu, basi. Waliokuwa barazani chini wengine hawakuhisi kitu, kwa sababu mawimbi yanayotoka mbali huja mapana na ya taratibu, na majumba marefu ndiyo yanayoyaitikia. Sisi wa juu tuliteremka ngazi pekupeku.

Barazani nilikuta kesi imeshaanza kusikilizwa. Mwaka ule ulikuwa wa corona na wa uchaguzi mkuu, kwa hivyo washitakiwa hawakukosekana: watalii wanaotembea nusu uchi, wanasiasa wa chama hiki, wanasiasa wa chama kile, vijana wa unga, wanaokula riba, wanawake (wanawake hawakosi kutajwa). Jirani yangu mmoja anayeuza samaki diko la Malindi, mtu wa maneno machache, alinisubiri nikae ndipo akauliza:

"Maalim, wewe msomi wetu, hii kwa ajili ya nani?"

Nilikuwa nimeshaangalia simu. Nikamwambia ni tetemeko la 6.0, baharini, upande wa kuelekea Mafia.

"Nimekuuliza nani," akasema, "unanijibu ngapi."

Watu walicheka na mimi nilicheka nao. Makala haya ni jibu langu kwake, limechelewa, na ni refu kuliko alivyolitaka.

Nianze na hiyo ngapi, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Kitovu kilikuwa chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, kilomita mia moja na kitu kutoka hapa. Mtikisiko ulisikika Dar es Salaam, Mombasa, hadi Nairobi. Bonde la Ufa ambalo watoto wa skuli wanalijua kwa Manyara na Natron lina mipasuko mingine huku baharini, inayoambaa na pwani kutoka Msumbiji kuja kaskazini. Wataalamu huitaja kwa majina ya ukingo wa Davie na bonde la Kerimba. Bamba la Somalia, ambalo sisi tumo ndani yake, linajitenga na Afrika nyingine kwa milimita chache kila mwaka.

Magazeti huandika kuwa ni kipimo cha Richter. Siwalaumu, hata mimi darasani nilisema hivyo kurahisisha mambo. Kwa kweli tangu Hanks na Kanamori walipoleta kipimo kipya mwaka 1979, namba inayotangazwa kwa matetemeko ya ukubwa huu hutokana na momenti, nayo ni kuzidisha vitu vitatu: ukakamavu wa mwamba, eneo la uso ulioteleza, na urefu wa mtelezo wenyewe. Kwa tetemeko la 6.0 uso huo huwa kama kilomita kumi kwa kumi. Chukua masafa ya reli ya zamani kutoka mjini hadi Bububu, kisha masafa kama hayo uyapeleke ardhini. Pande zote mbili za uso huo huteleza, kwa wastani, chini ya nusu mita. Nusu mita! Haifiki hata upana wa kizingiti cha mlango wangu, na taa za watu zikacheza Nairobi.

Nani aliyeshuka huko chini kupima? Hakuna. Mawimbi ndiyo yanayosema. Kuna vituo vyenye vipima mitetemo Mbarara kule Uganda, Kilima Mbogo kule Kenya, na vingine mamia duniani. Katika kila kituo mtu huangalia wimbi la kwanza limesukuma au limevuta, na akikusanya misukumo na mivuto kutoka pande zote anajua ufa umelala vipi na umeteleza kuelekea wapi. Kisha husikiliza unene wa sauti, kwa sababu uso mpana ukivunjika hutoa mawimbi mazito na mwembamba hutoa mepesi. James Brune aliandika hesabu yake mwaka 1970: kutokana na unene wa sauti unapata upana wa uso, na kutokana na upana pamoja na momenti unapata mkazo uliopungua katika ufa. Kwa matetemeko mengi mkazo huo ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha baina ya mita mia moja na mita elfu moja.

Ni masafa makubwa, mia na elfu, na hapa ndipo wanafunzi wangu waliokuwa wakali waliponishika shati. Upana wa uso huingia katika hesabu mara tatu, yaani ukikosea mara mbili katika upana unakuwa umekosea mara nane katika mkazo. Wataalamu wawili waadilifu wenye data zile zile hutoka na majibu yanayopishana hivyo na hakuna anayemwita mwenzake mwongo.

Kuna jambo kubwa zaidi ya kosa la hesabu, nalo ndilo lililonifanya niandike. Katika yote haya tunapima mkazo *uliopungua*. Mkazo wote uliokuwamo kabla, na uliobaki baada yake, mawimbi hayausemi. Ufa unaweza kuwa umemaliza ulichokuwa nacho chote, au umetoa sehemu moja ya kumi na akiba yake iko pale pale. Tetemeko litatufikia na sura ile ile. Tunajua tofauti. Jumla hatuijui. Wachache wamechimba visima virefu mpaka ndani ya ufa wenyewe, kule Parkfield katika jimbo la California, na hata huko mtu anapata habari za tundu alilolichimba, si za ufa mzima.

Hao hao wa Parkfield wana kisa kingine. Ufa wao ulitoa matetemeko ya takriban 6 mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Mtu yeyote angeona utaratibu hapo. Wanasayansi wakatangaza kuwa jingine litakuja kabla ya mwaka 1993 kumalizika, wakaujaza ufa vyombo vya kila aina, wakangoja. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, ukubwa wake 6.0 kama letu, na vyombo vyote vile havikuona dalili ya maana iliyotangulia.

Sasa ni rahisi kwa mtu wa dini kufurahi: mmeona, saa anaijua Mungu pekee. Nami naamini hivyo. Lakini furaha hiyo ina mtego, na mtego wenyewe niliuona mwaka 2016. Tarehe 1 Septemba mwaka ule jua lilipatwa, na kule Rujewa, Mbeya, lilibaki pete nyembamba ya mwanga. Watu walisafiri kwenda kuliangalia, na sisi huku tulipata sehemu yake. Siku tisa baadaye, Jumamosi tarehe 10 Septemba, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, Kagera ilitikisika kwa 5.9. Bukoba watu zaidi ya kumi na tano walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Kuna waliounganisha mambo mawili hayo hapo hapo, jua na ardhi, onyo na adhabu.

Tazama lakini tofauti yake. Kupatwa kwa jua kulijulikana miongo mingi kabla, mpaka sekunde, mpaka kijiji. Tetemeko la Kagera hakuna aliyelijua dakika moja kabla. Na bado ni lile tunalolijua kwa sekunde ambalo dini imetuita tukusanyike tuliswalie. Basi anayedhani kuwa nafasi ya Mungu ni pale elimu ya watu inapokwama amekosa njia, kwa sababu siku elimu itakaposogea itabidi amsogeze Mola wake. Unajimu wa leo haujaipunguzia swala ya kupatwa kwa jua hata rakaa moja.

Tena ilikuwa katika kupatwa kwa jua ndipo Mtume alipolifunga suala hili la nani. Alifiwa na mwanawe Ibrahim, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Ilikuwa fursa, mtu mwingine angeinyamazia. Yeye akawakatalia: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim na kila mwanachuo anaijua, na bado kila ardhi ikitikisika tunatafuta Ibrahim wetu, safari hii kwa ubaya.

Wazee wetu wa elimu walilifanyia kazi jambo hili kwa njia mbili. Ibn Sina alitafuta chombo: akasema pepo na mivuke iliyofungika tumboni mwa ardhi ndiyo inayotikisa. Alikosea, lakini alikuwa anatafuta mahali penye haki ya kutafutwa. As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, hakupenda maneno ya wanafalsafa. Yeye aliandika kitabu kizima juu ya matetemeko, akaorodhesha moja moja mpaka zama zake, ili watu waonyeke. Kichekesho ni kwamba katika karne ya ishirini wataalamu wa mitetemo waliosoma historia ya Misri, Bara Arabu na Bahari ya Shamu wamezitafuta tarehe zile zile katika tarikhi za Kiarabu, wakazigeuza kuwa hesabu za nyufa. Aliyeandika ili kuonya amewaachia vipimo watu aliokuwa akiwapinga mababu zao. Simcheki, Mungu amrehemu, kwa sababu mtu aliyeandika tarehe kwa uaminifu hajapoteza kazi.

Niseme sasa juu ya mkazo unaohama, kwa kuwa ndiko tunakopata jibu la "kwa nini pale". Atakayeifahamu nyumba ya Mji Mkongwe atanifahamu. Dari zetu zimekaa juu ya boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, na juu yake mawe na chokaa. Boriti moja ikikatika, mzigo wake hauondoki. Unahamia kwa mbili zilizo ubavuni mwake, ilhali zile za mbali huenda zikapata nafuu. Ufa ni hivyo hivyo. Kipande kikiteleza, mkazo wake hupungua pale na kuongezeka kwenye ncha zake na katika nyufa za jirani zilizolala upande fulani. Ongezeko hilo hupimika.

Uturuki wanalijua hili kuliko wote. Ufa wa kaskazini mwa Anatolia ulianza kuvunjika Erzincan mwaka 1939, na vipande vikafuatana kuelekea magharibi kwa miongo. Mwaka 1997 Stein, Barka na Dieterich walichapisha hesabu ya mahali mkazo ulikoongezeka, na Izmit ilikuwamo. Tarehe 17 Agosti 1999, saa tisa za usiku, Izmit ikapigwa kwa 7.6 na watu zaidi ya elfu kumi na saba wakafa. Walijua pale, hawakujua lini. Kisha tarehe 6 Februari 2023, alfajiri, likaja la 7.8 kusini mashariki, na saa tisa hivi baadaye la 7.5 katika ufa mwingine jirani. Hilo la kwanza peke yake lilitoa nishati karibu mara mia tano ya hili letu la 2020. Waliokufa Uturuki peke yake ni zaidi ya elfu hamsini.

Na mkazo unaweza kuhama bila ya kelele. Julai 2007 ardhi ya kusini ya Ziwa Natron, karibu na mlima Gelai, ilianza kutetemeka, na tarehe 17 likaja la 5.9 lililohisiwa mpaka Nairobi. Calais na wenzake walipolinganisha picha za rada za satelaiti waliona kuwa ufa uliteleza kiasi cha makumi ya sentimita polepole, kwa kimya, kisha uji wa moto ukapenya chini kwa chini na kuutanua mwamba kwa kama mita mbili. Sehemu kubwa ya mwendo huo haikutoa tetemeko hata moja. Septemba ya mwaka ule ule Oldoinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauhisabu kuwa wa Mungu, ulianza kulipuka kwa nguvu. Ardhi ilijitenga mita mbili, na habari kubwa ikawa ni zile siku chache ambazo watu walitikiswa.

Turudi bandarini. Pale Malindi kuna kipima maji kinachoandika kujaa na kupwa tangu miaka ya 1980, na tarehe 26 Desemba 2004 kiliandika mawimbi ya tsunami yaliyotoka Sumatra. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka kama mita nne. Wanaopima mikazo wanasema ongezeko lililotosha kusogeza matetemeko katika nyufa zilizokuwa tayari ni dogo mno, linalingana na uzito wa mita moja ya maji. Mita moja, na siku za bamvua diko letu linaziona nne, mara mbili kwa siku!

Nilipomwambia hivi muuza samaki alishituka, akauliza mbona basi hatutetemeki kila bamvua. Suala zuri, wanafunzi wangu wengi hawakulifikia. Nyufa nyingi haziko tayari, hilo la kwanza. La pili, maji hukandamiza kutoka juu, ilhali ufa husogezwa na msukumo wa upande wake maalumu, na baada ya saa sita mzigo umeshaondoka. Waliotafuta uhusiano wa maji na matetemeko dunia nzima wameupata, ila ni hafifu, unaonekana mtu akikusanya matetemeko kwa maelfu.

Lakini hesabu hiyo ya mita moja ina neno la kumwambia anayetafuta mkosaji. Ikiwa mabamba yanasogea milimita moja au pungufu kwa mwaka katika ufa mmoja, basi mtelezo wa karibu nusu mita ni mkusanyo wa karne nyingi. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Huenda mzigo uliovunjika Agosti 2020 ulikuwa umeshaanza kurundikana wakati fundi wa Kizimkazi anachonga herufi zake za Kikufi. Watalii hawakuwapo, chama kile hakikuwapo, benki haikuwapo. Cha mwisho kilichoongezwa juu ya mzigo wote huo ni chepesi hata hakitajiki.

Sheikh mmoja ninayemheshimu alinijibu kwa utulivu. "Maalim, Mwenyezi Mungu akitaka kumwadhibu mtu leo, hashindwi kuanza kuandaa miaka elfu kabla." Kweli, sina neno juu ya hilo, na kama ningekuwa nalo ningelimeza. Kilichobaki ni kuuliza nani kati yetu amepewa kulisoma daftari la miaka elfu. Mpimaji wa mikazo, na vyombo vyake vyote, anakiri kuwa ameona kilichopungua tu na kilichobaki hakijui. Khatibu anayetutajia kosa na mkosaji anadai kuwa ameiona jumla ya ghadhabu ya Mola, imeanza wapi na imebaki ngapi. Kwa ukali wa dai, huyu wa pili amempita wa kwanza mbali sana, tena bila ya chombo.

Na dai lenyewe likiwekwa kwenye ramani haliendi popote. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini lilipiga Rukwa tarehe 13 Desemba 1910, ukubwa wake zaidi ya 7. Ukubwa ungekuwa kipimo cha dhambi, wakulima wa Rukwa wa zama zile za Wajerumani wangekuwa wakosefu kuliko Dar es Salaam yote ya leo. Hapo mtu huniambia: kwa wema ni mtihani, kwa waovu ni adhabu, na kwa waliookoka ni onyo. Neno la namna hiyo linaweza kusemwa kabla ya tetemeko na baada yake, popote, juu ya yeyote. Linafariji, sikatai, ila halijamjibu muuza samaki.

Nilivyoelewa mimi, jibu liko katika ile hukumu ya Shafi. Mafaqihi wana dalili yao: haikupokewa kwamba Mtume aliwakusanya watu kwa ajili ya tetemeko, kwa hivyo mtu huswali peke yake. Inanitosha kama sheria. Lakini aliyewahi kuiswali swala hiyo ataona jambo jingine ndani yake. Huna jirani wa kumtazama katika safu. Hakuna khutba. Hakuna wa kunyooshewa kidole. Swali la nani linabaki na mtu mmoja tu wa kuelekezwa, naye amekaa juu ya mswala. Mtu akisema "hii ni kwa ajili yangu" simpingi kwa Brune wala kwa Kanamori, maana anazungumza habari za nafsi yake na hakuna aliyekaa karibu nayo kuliko yeye. Akisema "hii ni kwa ajili yao", hapo namwomba vipimo.

Lipo jambo moja ambalo kila mtu na mswala wake halitoshi, nalo ni nyumba. Bukoba hawakuuliwa na mawimbi, waliuliwa na kuta. Uturuki wa 2023 kulikuwa na majengo mapya yaliyolala chini na jirani yake likasimama, juu ya ardhi ile ile, kwa wimbi lile lile, na wakandarasi wakapelekwa mahakamani. Kusema "kudra ya Mungu" juu ya zege iliyopunjwa nondo ni kumsingizia Mungu wizi wa mtu. Hili ndilo jambo la kukusanyikia, na likihitaji khutba basi khutba yake ni hii.

Nasi tusijidanganye kuwa tuko mbali na Uturuki. Tarehe 25 Desemba 2020, Ijumaa, miezi minne baada ya taa yangu kucheza, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe na watu wawili wakafa. Ardhi siku ile ilikuwa imetulia kabisa. Nyumba zetu za Malindi zimejengwa kwa vitu hivyo hivyo, mawe, chokaa na mbao, na tumezifanyia mambo mawili mabaya: tumezipaka saruji inayofungia unyevu ndani ya ukuta, na tumezipandishia mizigo ambayo waliozijenga hawakuihesabu. Tangi la plastiki la lita elfu moja ni tani moja ya maji. Siku hizi nikipanda darini nikatazama upande wa bandari naona matangi mengi kuliko minara, na kila moja limekaa juu ya boriti ambazo vichwa vyake viko ndani ya ukuta wenye maji.

Kwa hivyo jirani yangu, na mwingine yeyote mwenye nyumba mitaa hii: chukua nyundo ndogo, panda ngazi, ugonge kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikilia kavu, iache. Ikijibu kwa sauti butu, imeoza. Toa tangi leo, muite fundi wa chokaa kesho.